Uzi: Luk thung na mor lam, nyimbo za mashambani za Thailand

#1 Dalali wa Mahenge

Wakuu, habari za humu.

Kila mtu akiuliza kuhusu muziki wa Asia, majibu yanaishia Korea na India. Leo naleta Thailand, na si ile ya maghorofa ya Bangkok. Naleta ya mashambani. Niko Chanthaburi, mji wa biashara ya vito mashariki mwa nchi, kwa shughuli za udalali wa spinel na rubi kutoka nyumbani. Mafundi wanaokata na kuchoma mawe hapa wengi wao wametoka Isan, kaskazini mashariki, na redio ya karakana haizimwi tangu asubuhi hadi jioni. Humo ndimo nilimoupendea muziki huu, na sasa siwezi kukaa bila kuusikia.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Kuna luk thung na kuna mor lam. Luk thung huimbwa kwa Kithai cha kati, na bendi zake za zamani zilikuwa kubwa, zenye tarumbeta, saksafoni, akodiani na ngoma. Ilikomaa baada ya Vita Kuu ya Pili, na wakali wake wengi walitoka mkoa mmoja tu, Suphan Buri. Jina la luk thung lilishika mwaka 1964, Jamnong Rangsikul alipoanzisha kipindi chenye jina hilo kwenye televisheni ya Channel 4. Mor lam ni ya watu wa Isan, huimbwa kwa Kilao, na ni kongwe kuliko luk thung kwa mbali. Siku hizi zinachanganyika, mwimbaji mmoja anaimba zote mbili jukwaa moja, lakini ukiijua tofauti utasikia mengi zaidi.

Mfalme wa luk thung ni Suraphol Sombatjaroen. Alizaliwa Suphan Buri mwaka 1930, akaimba katika bendi ya Jeshi la Anga, kisha akaunda bendi yake iliyozunguka nchi nzima. Tarehe 16 Agosti 1968 alipigwa risasi akafa, Nakhon Pathom, baada ya onyesho. Wimbo wake wa mwisho ulihusu miaka 16 iliyopita, na Wathai hadi leo wanaitaja hiyo 16 mbili kwa sauti ya chini.

Ila kwangu mimi, roho ya luk thung ni Pumpuang Duangjan.

Huyu mama alizaliwa mwaka 1961 katika familia ya vibarua wa mashamba ya miwa. Shule aliisoma kidogo sana, hakuweza kusoma wala kuandika. Kila wimbo alisomewa, akaushika kichwani. Akiwa binti mdogo alijiunga na bendi ya Waipot Phetsuphan kama mchezaji wa jukwaani, huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Miaka ya 1980, enzi za kaseti, hapakuwa na sauti kubwa kuliko yake. Aliingiza midundo ya disko katika luk thung, akavaa magauni ya kumetameta, na bado wanawake wa viwandani walimwona ni mwenzao, kwa sababu kweli alikuwa mwenzao. Binti mfalme Sirindhorn aliandika maneno ya wimbo kuhusu som tam, ile saladi ya papai bichi wanayokula watu wa Isan, na aliyeuimba ni Pumpuang. Fikirieni: binti wa ikulu anaandika, asiyejua kusoma anaimba, na nchi nzima inaimba naye.

Alifariki Juni 1992 kwa ugonjwa wa lupasi, ana miaka 30. Katika hekalu la Wat Thap Kradan, huko Suphan Buri, kuna sanamu zake. Watu huzipelekea magauni na vipodozi, na huomba namba za bahati nasibu. Nimefika pale. Hakuna anayecheka, ni mahali pa heshima.

Nitaendelea na mor lam jioni. Wenye maswali, karibuni.

#2 Fundi Redio

Naweka kambi hapa mkuu. Swali la haraka: maneno unayaelewa, au unafuata mdundo tu kama sisi tulivyokuwa tukiimba Kilingala?

#3 Bi Salha wa Kibokoni

Asante kaka. Nimeutafuta huo muziki baada ya kusoma, nikamsikiliza huyo Pumpuang. Akodiani ile imenishika! Sisi wa taarabu tunaijua akodiani ikiwa inalia na ikiwa inajaza tu nafasi, na pale inalia. Nimeona pia kanda moja, mwimbaji yuko jukwaani, watu wanapanda kumvisha mashada yenye noti. Huko ni kutunza kama kwetu, au kuna maana nyingine?

#4 Dalali wa Mahenge

Fundi, mwanzo nilifuata sauti. Maneno nilijifunza kwa VCD za karaoke. Masokoni zilikuwa zinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, maneno yanapita chini ya skrini na kubadilika rangi mwimbaji anapoyafikia. Herufi za Kithai nimezisomea hapo zaidi ya darasani. Mama mmoja fundi wa kukata mawe, mtu wa Roi Et huko Isan, alikuwa ananisimamisha kila nikikosea toni.

Na hapo kwenye toni ndipo penye siri ya uimbaji huu. Kithai kina toni 5, neno likipanda au kushuka vibaya linakuwa neno lingine kabisa. Kwa hiyo mwimbaji hawezi kuirukia noti anavyotaka. Anaiingia kwa kuteleza, kutoka chini au kutoka juu, kufuata toni ya neno, kisha mwisho wa mstari anaizungusha sauti na kuitetemesha kooni. Waimbaji wa pop wa Bangkok wameipunguza hiyo. Waimbaji wa luk thung wameifanya ndiyo fahari yao. Ukimsikia mtu anaishika noti moja, anaipinda mara tatu nne bila kuvuta pumzi, halafu anaiacha taratibu, ujue amelelewa kwenye hili.

Dada Salha, umeona sawasawa. Ni kutunza, kama kwenye taarabu. Mashada yanaitwa phuang malai, mengine ya maua, mengine noti zimebanwa moja moja zikazunguka shingo nzima. Tofauti niliyoiona ni hii: kwetu mtu anaweza kumtunza mwimbaji kwa sababu mstari umempiga mtu mwingine aliyekaa pale ukumbini. Kule shada ni la mapenzi kwa mwimbaji mwenyewe. Nimewaona wanawake wazee wanapanda ngazi polepole, wanavisha shada, wanamshika mwimbaji mikono yote miwili, na yeye anainama wakati bendi inaendelea kupiga. Mwimbaji asiyejua kuinama hadumu.

#5 Mzee wa Tunduru

Kijana umenikumbusha mbali. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya vito ilipolipuka kwetu Tunduru, Wathai walijaa. Walipanga nyumba, mchana wananunua yakuti mezani, jioni wanapika na kupiga kaseti. Tulizizoea nyimbo zile mpaka watoto wakawa wanaziigiza. Kulikuwa na moja ya mwanamke, polepole, ikianza tu wale jamaa walikuwa wanaacha kuongea. Sisi tuliziita nyimbo za wanunuzi. Sikuwahi kujua zinasema nini. Ndiyo hizi?

#6 Dalali wa Mahenge

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo habari imenifurahisha mno. Wanunuzi wa Kithai waliofika kwetu miaka hiyo wengi walitoka huku huku Chanthaburi. Kaseti katika mzigo wa mtu wa Chanthaburi miaka ya 1990 ni za luk thung, na Pumpuang alikuwa na miaka michache tu tangu afariki, kaseti zake zilikuwa kila mahali.

Na kama waliacha kuongea, mimi naelewa kwa nini. Nyimbo hizi karibu zote zinamhusu mtu aliye mbali na kwao. Mkulima amekwenda Bangkok kuendesha teksi. Msichana yuko kiwandani, barua haziji. Kijana yuko jeshini, mchumba ameolewa na mwenye gari. Mvua imechelewa, deni limebaki. Kuna wimbo wa Tai Orathai wa mwaka 2002, uliomtoa: binti amemaliza sekondari, amevaa jinzi kuukuu na shati la baht 199, ana begi moja, anawaaga wazazi anakwenda mjini. Shati la baht 199! Mtunzi hakusema shati la bei rahisi, ametaja bei yenyewe, na kila aliyewahi kununua shati hilo sokoni anajua anaongelewa yeye. Mtunzi ni Sala Khunnawut, mtu wa Amnat Charoen, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajawa mtunzi mkubwa wa kizazi chake. Unasikia kabisa kwamba ni mtu aliyewafundisha watoto hao hao wanaoondoka.

Sasa mor lam, kama nilivyoahidi.

Isan ni mikoa 20, karibu theluthi moja ya Wathai wote. Uwanda mkavu, wali wa kunata, lugha ni Kilao. Chombo mama ni khaen: mianzi 16 imepangwa safu mbili, kila mmoja una ulimi mdogo wa madini ndani, unapulizwa na kuvutwa kwa mdomo. Unalia ukitoa pumzi na ukiingiza, kwa hiyo sauti haikatiki. Mpigaji mmoja anatoa wimbo, mdundo na mvumo wa chini kwa pamoja. Pembeni yake kuna phin, gambusi la nyuzi chache, siku hizi la umeme.

Waimbaji wa mor lam ya jadi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na khaen moja. Walishindana kwa mashairi usiku kucha: dini, historia, mafumbo ya mapenzi, matusi ya kistaarabu. Aliyekwama aliaibika. Na watu waliipenda kiasi kwamba mwaka 1865 mfalme Mongkut alipiga marufuku uchezaji wa khaen wa Kilao kwa sababu Wathai wenyewe walikuwa wanaacha ngoma zao na kuufuata. Ninapowasikia watu wa mjini wakisema mor lam ni kelele za washamba, nakumbuka hiyo amri. Muziki usio na nguvu hauandikiwi amri ya mfalme.

#7 Santuri London

Dalali, uzi mzuri, lakini naomba kupinga kidogo. Mimi niliingia kupitia The Sound of Siam, ile santuri ya mwaka 2010 ya lebo ya Soundway. Sijui neno moja la Kithai. Besi, ogani, phin la umeme, ngoma za miaka ya 1970, hivyo vinatosha kunifanya nisilale. Unavyoandika ni kama asiyejua toni na bei ya shati hajausikia muziki. Muziki si hotuba. Wasikilizaji wengi duniani wameupenda kwa mdundo, na wamewafanya wanamuziki wazee waliosahaulika wapate kazi tena.

#8 Dalali wa Mahenge

Karibu Santuri. Hoja yako nzito, na sitaijibu juu juu.

Kwanza nikupe haki yako. Waliokusanya santuri ile, Maft Sai wa Bangkok na Chris Menist wa Uingereza, wamefanya kazi kubwa. Bendi waliyoiunda, The Paradise Bangkok Molam International Band, imemweka Sawai Kaewsombat na khaen yake, na Kammao Perdtanon na phin lake, mbele ya watu wa Ulaya waliosimama kuwasikiliza wazee hawa kwa heshima. Bendi ya Khruangbin ya Texas nayo imejengwa juu ya muziki wa Thailand wa miaka ya 1960 na 1970, hata jina lake ni la Kithai. Hayo ni mema.

Kinachoniuma ni kilichoachwa. Santuri hizo zinachagua nyimbo zenye besi ya kuchezeka klabuni. Zile za polepole, ambazo mwimbaji anasimama karibu peke yake na sauti yake, hazichaguliwi. Matokeo yake msikilizaji wa nje anadhani muziki huu ulikufa mwaka 1980 na sasa uko katika maduka ya santuri kuukuu. Wakati huku nilipo, mafundi wanajua kwa moyo nyimbo za Mike Phiromphon kuhusu kibarua, za Siriporn Ampaipong, za Jintara Poonlap, na hakuna mkusanyaji wa nje anayewauliza. Wanaongelewa na nyimbo hizo. Watu wa Isan wamedharauliwa mno katika nchi yao wenyewe, kwa lafudhi, kwa rangi, kwa chakula chao. Luk thung na mor lam ndimo wanamojibu. Ukichukua besi ukaacha jibu lao, umechukua kitu kizuri, ila naona umewaacha watu mlangoni.

#9 Santuri London

Nakubali kuhusu nyimbo za polepole, sijawahi kuzitafuta. Kuhusu mlango sikubali. Wewe ulianzia karakana ya mawe, mimi duka la santuri, na wengi humu hawatafika Chanthaburi. Besi imenileta hadi kwenye uzi huu, na sasa namjua Pumpuang. Bila besi nisingefika.

#10 Neema K

Mimi nauliza mawili. La kwanza, kuna wageni walioimba kweli muziki huu, si kusikiliza tu? La pili, vijana wa huko bado wanaupenda au ni wa wazee? Na mkuu, tusimulie onyesho lenyewe lilivyo.

#11 Dalali wa Mahenge

Santuri, hilo la mwisho nimelipokea. Kila mtu ana njia yake ya kuingilia.

Dada Neema, wageni wapo. Jonas Anderson, Msweden, na Christy Gibson, wote wazungu waliokulia Thailand tangu utotoni. Wanaimba luk thung na mor lam kwa toni sahihi, Christy akiimba kwa Kilao cha Isan ukifumba macho hutajua. Waliwahi kutoa albamu pamoja, na Wathai wakazinunua kama za wasanii wengine. Na kabla yao, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Terry Miller alikwenda kuishi Isan na kujifunza khaen kwa wapigaji wa vijijini. Aliwapa wazee wale heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wakati vyuo vya Bangkok vilikuwa vinafundisha muziki wa ikulu tu.

Mimi naimba karakanani tu, nyimbo mbili tatu za Mike Phiromphon. Mafundi wakisikia Mwafrika anaimba kuhusu kibarua wa Isan wanaweka mawe chini. Wananisahihisha, kisha wanaimba pamoja nami. Hayo yananitosha.

Vijana? Wanaupenda hasa. Ying Li Sijumpon alipotoa wimbo wake mkubwa miaka zaidi ya kumi iliyopita, ulitazamwa zaidi ya mara milioni 100 YouTube, na ilikuwa luk thung. Mwaka 2017 Lamyai Haithongkham, binti wa Roi Et, alicheza jukwaani kwa namna iliyomfanya waziri mkuu wa wakati huo, Prayut Chan-o-cha, amlalamikie hadharani. Umaarufu wake ukaongezeka. Mimi uchezaji ule siupendi, lakini sauti yake ni ya kweli, na mor lam tangu zamani ilikuwa na maneno ya kitandani.

Sasa onyesho. Nataka niliseme vizuri.

Msimu unaanza Oktoba, miezi mitatu ya mafungo ya watawa wa Kibuddha ikiisha na mavuno yakikaribia. Wakati wa mvua vikundi vinafanya mazoezi na kushona mavazi, halafu vinatoka vikizunguka hadi karibu na katikati ya mwaka. Vikubwa ni kama Siang Isan ya Udon Thani, ya mama Nok Noi Uraiporn, na Rabiab Wathasin na Prathom Bunthoeng Sin za Khon Kaen. Hivi si bendi za watu kumi. Ni wanamuziki, waimbaji, wachezaji, wachekeshaji, mafundi wa taa, wapishi na madereva, mamia ya watu wanaolala kwenye malori na mabasi na kufunga jukwaa jipya kila siku. Hulipwa na hekalu, au mtu anayesherehekea, au hutoza kiingilio.

Uwanja ni shamba lililovunwa au kiwanja cha shule. Watu wanakuja na mikeka, wanatandika mbele kabisa tangu jioni, familia nzima, bibi hadi mtoto mchanga. Kuku wa kuchoma, wali wa kunata kwenye vikapu vidogo, som tam inatwangwa pembeni unaisikia kinu. Kama saa tatu usiku taa zinawaka na ufunguzi unaanza: wachezaji makumi, manyoya kichwani, mavazi yanabadilishwa wimbo baada ya wimbo, khaen inaita, kisha tarumbeta zote kwa pamoja. Saa za mwanzo ni nyimbo za luk thung. Katikati ya usiku wanakuja wachekeshaji. Kisha ndipo mor lam yenyewe, hadithi ndefu inayoimbwa: mama wa kambo, mtoto aliyepotea, ndugu wawili wanaodhulumiana. Ikifika saa tisa usiku watoto wamelala mikekani, na wanawake wazee wako macho kabisa wanafuta machozi, wakimjibu mwimbaji kwa sauti kama vile wanaongea na jirani. Mtu aliyekuwa kimya kutwa nzima kiwandani anapanda na shada la noti. Pesa zile nazijua zilivyopatikana. Ninafanya kazi na watu hao.

Wanaimba hadi karibu na mapambazuko, wimbo wa kuaga, na watu wanakwenda moja kwa moja shambani.

#12 Mzee wa Tunduru

Nimesoma yote. Mwambie huyo mama wa Roi Et kwamba huku Tunduru tuliwahi kuwasikiliza watu wao.

#13 Fundi Redio

Mkuu, nianzie wapi? Nipe mpangilio wa mtu asiyejua chochote, nataka niupige Jumamosi kwenye redio yetu ya mtaa.

#14 Dalali wa Mahenge

Mzee, nitamwambia kesho asubuhi, atafurahi.

Fundi, anza na Suraphol, wimbo mmoja tu ili wasikie bendi ya zamani. Halafu Pumpuang wawili, mmoja wa polepole na mmoja wa disko, waone upana wake. Kisha ule wa Tai Orathai wa mwaka 2002, na kabla ya kuupiga wasimulie habari ya shati. Hapo ndipo uweke khaen ikiwa peke yake, dakika mbili tatu, bila kuongea juu yake. Malizia na Siang Isan wakiwa jukwaani, kelele za watu zisikike. Kaseti nyingi za zamani zimepandishwa YouTube na mashabiki, andika jina la mwimbaji kwa herufi za Kithai ndipo utapata zilizo nzuri. Nitakutumia majina kwa ujumbe wa ndani leo usiku, pamoja na namna ya kuyatamka hewani.

Na Santuri, zile za polepole nazo nakutumia.